Kozi saba au tano? Mzazi, hesabu kwanza saa za mwanao

Mnada wa kwanza wa korosho ukishapita, simu za Bungu huwa na mazungumzo marefu. Fedha zinazoingia kupitia chama cha msingi hukuta foleni inazisubiri: salfa ya msimu ujao, bati za nyumba, sare za mdogo, na ada ya yule aliyeko chuo. Vyuo vikuu navyo huwa ndiyo kwanza vimefungua mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, na wanafunzi wako kwenye usajili wa kozi za muhula.

Chukulia familia moja ya kando ya barabara ya Kilwa, kati ya Jaribu Mpakani na Kibiti. Binti yao yuko mwaka wa pili chuo kikuu jijini Dar es Salaam. Amepanga chumba nje ya chuo, anapanda daladala kwenda na kurudi, na jioni anasuka nywele ili apate hela ya kula. Usiku mmoja anampigia mama yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, hujambo? Baba yako ananiambia nikuulize kama hela imefika.”

“Imefika mama, ahsanteni sana. Nilitaka niwaambie, semista hii nasoma kozi saba.”

“Saba? Na wenzako?”

“Tano. Mimi nina moja ya mwaka jana niliyokeri, halafu nimeongeza nyingine ya hiari, ili mwakani nipumue. Sitaki kuongeza mwaka, mama.”

“Mungu akusaidie. Jikaze mwanangu, sisi huku tunakuombea.”

Hakuna kosa katika maneno ya mama huyo. Ni dua, na mtoto aliye mbali anaihitaji. Lakini kuna swali moja ambalo halikuulizwa, na ndilo linaloweza kuamua kama kozi hizo saba zitamwokoa binti au zitamwangusha: saa za kuzisoma atazipata wapi?

Kozi inapimwa kwa saa

Wazazi wengi, hasa ambao hawakupita chuo kikuu, huhesabu kozi kama yalivyohesabiwa masomo ya sekondari. Anayesoma saba anaonekana ana bidii kuliko anayesoma tano. Chuo hakihesabu hivyo.

Kwa utaratibu wa vyuo vikuu nchini unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kila kozi ina krediti zake, na krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Saa hizo hazihesabu kipindi cha darasani peke yake. Ndani yake zimo semina, maktaba, kazi za kuandika, maandalizi ya majaribio na mtihani wenyewe. Kozi ya krediti 12 ni saa 120 za kazi. Ya krediti 8 ni saa 80.

Mwaka mzima wa masomo una krediti 120, yaani 60 kwa muhula. Hizo ni saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15 za masomo, unapata saa 40 kila wiki. Kwa maneno mengine, mwanafunzi mwenye mzigo wa kawaida tayari ana kazi ya kutwa nzima kama mwajiriwa wa ofisini, hata kama kwenye ratiba yake kunaonekana nafasi nyingi nyeupe.

Ndiyo maana idadi peke yake inaweza kudanganya. Wanaosafiri kwa boti kutoka Nyamisati wanalijua hili: chombo hakizidiwi na idadi ya vifurushi, kinazidiwa na uzito. Kozi sita za krediti 8 ni nyepesi kuliko tano za krediti 12. Mzazi akiambiwa “nasoma saba”, swali la kwanza ni “jumla ya krediti ngapi?”

Wiki ya binti wa Bungu

Wiki ina saa 168, kwa tajiri na kwa maskini. Tuirudie familia yetu ya mfano na tuzigawe saa za binti yao, tukichukulia kila kozi ina krediti 12.

Kulala saa 7 kila usiku ni saa 49 kwa wiki. Kupika, kula, kuoga, kufua, kuteka maji na ibada, tuseme saa 5 kwa siku, ni 35. Daladala na foleni zake, saa 3 kwa siku tano, ni 15. Kusuka nywele jioni na Jumamosi, 20. Masomo ya kawaida, kozi tano, 40.

Jumla ni saa 159. Zimebaki saa 9 za kila kitu kingine: kuumwa, kupumzika, kwenda kumwona shangazi Mbagala, kukaa gizani umeme ukikatika.

Akiongeza kozi moja ya krediti 12, anaongeza saa 120 kwa muhula, yaani saa 8 kwa wiki. Anabakiwa na saa 1. Anaweza kupita, lakini akipata malaria wiki moja tu, mpango umeharibika.

Akiongeza kozi mbili, anahitaji saa 16 wakati anazo 9. Amepungukiwa saa 7 kila wiki. Na saa hizo zitatoka mahali. Daladala haitapunguza foleni, na wateja wa nywele ndio wanaomlisha. Basi atazitoa pale ambapo hakuna wa kumdai, kwenye usingizi. Saa 7 kwa wiki ni saa moja kila usiku. Kwa hiyo kozi saba kwake maana yake ni kulala saa 6 kwa usiku, kwa wiki 15 mfululizo, na hapo ni kama kila kitu kitakwenda sawa.

Saa moja ina ubaya gani?

Saa moja inaonekana ndogo. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtu mzima, kuanzia umri wa miaka 18, alale angalau saa 7 kila usiku. Usiku mmoja wa kupungukiwa haumuumizi kijana. Tatizo ni deni linalojilimbikiza.

Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watu wazima wenye afya njema. Kundi moja lililala saa 6 kila usiku kwa siku 14. Mwisho wa wiki hizo mbili, umakini na kumbukumbu zao kwenye majaribio vilikuwa vimeshuka hadi kufanana na mtu aliyekesha usiku mzima. La kutisha zaidi, wenyewe hawakujua. Walipoulizwa, walijiona wana usingizi kidogo tu.

Hapo ndipo wazazi wengi hupotea. Kijana akisema kwenye simu “nimeshazoea”, hadanganyi. Anasema anachokihisi. Lakini ubongo uliochoka hauwezi kujipima wenyewe.

Kuna jambo la pili. Usingizi si muda ambao masomo yamesimama. Mtu akiwa amelala, ubongo hupanga na kuimarisha yale aliyojifunza mchana. Mwanafunzi anayekesha na daftari anajaza maji kwenye ndoo na wakati huohuo anaitoboa kwa chini. Atakumbuka kwamba alisoma ukurasa ule, lakini kilichoandikwa hakitakuja kwenye chumba cha mtihani.

Wengi hukimbilia kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kwa mtu mzima wa kawaida, kafeini huchukua takribani saa 5 kupungua nusu mwilini. Kikombe cha saa 4 usiku, nusu ya nguvu yake bado imo saa 9 usiku. Hata akipanda kitandani, analala usingizi mwepesi, anaamka amechoka, na kesho anahitaji vikombe viwili.

Kozi mbili zaweza kuziangusha tano

Mzigo uliozidi hauumizi kozi iliyoongezwa peke yake. Unazichosha zote.

Vyuo vingi nchini hutumia wastani wa alama (GPA) unaofika hadi 5: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Chukulia binti huyu angesoma kozi tano na kupata B+ zote. Wastani wake ungekuwa 4.0, daraja la pili la juu. Akisoma saba akiwa amechoka, zile tano zikashuka hadi B na mbili za nyongeza akapata C, wastani wake unakuwa 2.7. Amefaulu kozi zote saba, hana sapu hata moja, lakini amesimama kwenye ukingo wa daraja la pili la chini.

Na hapo tumechukulia hakuna aliyofeli. Akifeli mbili kati ya saba, anaingia likizo akiwa na mitihani ya marudio, na asipopita huko anakeri tena. Aliongeza kozi ili asiongeze mwaka, na sasa mwaka unamfuata. Wahenga walishasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

“Mbona mtoto wa fulani alisoma saba?”

Huenda ni kweli, na huenda alifaulu vizuri. Lakini mtoto wa fulani huenda anaishi bweni la chuoni, hapandi daladala, na halazimiki kusuka wala kuuza chochote. Ukiondoa saa 15 za barabarani na 20 za kusuka, mwanafunzi huyo ana saa 44 za akiba kwa wiki badala ya 9. Kozi mbili za ziada zitamla saa 16, na bado atabaki na muda wa kucheza mpira. Saba yake na saba ya binti yetu zinafanana kwenye karatasi tu.

Vilevile, kozi chache si afya moja kwa moja. Kanuni za kila chuo huweka kiwango cha chini na cha juu cha krediti kwa muhula au kwa mwaka, na anayepunguza ovyo hujikuta amechelewa kumaliza. Katika vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET, kama vile vya uuguzi na utabibu, moduli za kila muhula zimeshapangwa na mwanafunzi hachagui idadi. Huko mazungumzo ya mzazi na mtoto yawe kuhusu saa za kazi nyingine: biashara, safari na simu.

Uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua uko Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994. Huko wanasoma walimu, wauguzi na watumishi wengine wakiwa kazini, na mtu hujiwekea mwendo wake. Uhuru huo nao unahitaji hesabu ileile.

Muuguzi wa zahanati anayefanya kazi saa 45 kwa wiki, analala saa 49, anatumia 35 kwa mahitaji ya kila siku na 20 kwa watoto na shamba, amebakiwa na saa 19. Kozi mbili za krediti 12 zinamtosha, ya tatu itamkuta hana kitu. Na kama ana zamu za usiku, mbili nazo azifikirie mara mbili, maana usingizi wa mchana kwenye nyumba yenye watoto haulingani na ule wa usiku.

Sehemu ya mzazi

Turudi kwa binti wa Bungu. Kozi aliyokeri ni ya lazima, hawezi kuikwepa, na bila kuifaulu hatahitimu. Ile ya hiari inaweza kusubiri. Kwa hiyo kwake jibu la busara ni sita, siyo saba wala tano. Lakini tumeona kwamba hata kwa sita anabakiwa na saa 1 tu kwa wiki. Ili sita ziwezekane, kuna saa lazima zirudi, na hapo uamuzi unatoka chumbani kwake Dar es Salaam na kuja nyumbani Bungu.

Tuseme kusuka kunampatia Sh30,000 kwa wiki. Akipunguza nusu, anapata saa 10 na anakosa Sh15,000. Kwa wiki 15 hizo ni Sh225,000. Je, nyumbani wanaweza kuziba pengo hilo kwa muhula mmoja?

Hilo si swali jepesi. Huenda hela hiyo ndiyo ilikuwa ya salfa, na mkorosho usiopuliziwa mwakani utalipa kidogo. Lakini iwekwe kwenye mizani pamoja na gharama ya mwaka wa ziada. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, huhesabu Sh10,000 kwa siku kwa chakula na malazi ya mwanafunzi. Kwa mihula miwili ya wiki 17 kila mmoja, hizo ni zaidi ya Sh2.3 milioni, kabla ya ada. Familia inayoijua hesabu hii inaweza kuuza gunia moja mapema, kuchelewesha bati, au kumwomba mjomba. Familia isiyoijua itasema tu “jikaze”, na binti atalipa kwa usingizi.

Kama nyumbani hakuna kabisa, na hilo hutokea hasa msimu ukiwa mbaya au mafuriko yakiwa yamepita mabondeni, basi heri mtoto ajue mapema. Anaweza kutafuta chumba karibu na chuo hata kama ni cha kushirikiana na mwenzake, kwa sababu saa 15 za barabarani ni karibu kozi mbili. Au anaweza kukubali kwa moyo mkunjufu kwamba atamaliza polepole, bila kujiona ameiaibisha familia.

Kabla dirisha halijafungwa

Vyuo huwa na kipindi maalumu mwanzoni mwa muhula cha kuongeza na kuondoa kozi. Kikipita, kozi iliyosajiliwa na kutelekezwa huhesabiwa kuwa imefeliwa. Kwa hiyo mazungumzo haya yafanyike wiki za mwanzo, wakati mtoto bado anaweza kubadili. Mzazi hahitaji kujua fizikia wala sheria ili ayaongoze. Maswali machache yanatosha:

Krediti zako muhula huu ni ngapi kwa jumla, na kikomo cha chuo ni ngapi?

Zipi ni za lazima na zipi ni za hiari?

Ratiba za kozi unazoongeza hazigongani na nyingine?

Ulishakaa na mkuu wa idara au mwalimu anayekushauri?

Ukitoa kulala, kusafiri na kibarua, saa ngapi zinabaki kwa wiki?

Na muhula ukishaanza, mzazi asikilize zaidi ya kuuliza matokeo. Kijana aliyezidiwa mara nyingi hutuma ujumbe saa 8 usiku, hukasirika kwa jambo dogo, huacha kula au hula ovyo, huumwa kichwa kila wakati, na huanza kukwepa simu za nyumbani. Dalili hizo zikikaa zaidi ya wiki mbili, aende hospitali au kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni. Akianza kusema maisha hayana maana au hataki kuishi, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Ikibidi, chuo huruhusu kuahirisha masomo kwa sababu nzito kama ugonjwa. Afanye hivyo kwa barua na kibali, na kama anapata mkopo wa HESLB ataarifu pia. Kuondoka kimya kimya ndiko kunakomfungia mtu mlango wa kurudi.

Mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima na uamuzi wa mwisho ni wake. Lakini wengi wanaojitwika mizigo mikubwa hawafanyi hivyo kwa kupenda sifa. Wanawaza korosho zilizouzwa, mdogo anayesubiri zamu yake, na baba anayezeeka shambani. Wanakimbia kwa ajili ya nyumbani. Ruhusa ya kupunguza mwendo, ikitoka nyumbani, huwashusha mzigo ambao hakuna mhadhiri anayeweza kuushusha.

Kwa hiyo siku ya pili mama wa Bungu anaweza kupiga simu tena, baada ya salamu, na badala ya kuuliza kozi ngapi, aulize hivi: “Mwanangu, unalala saa ngapi, na unaamka saa ngapi?” Kisha anyamaze, amsubiri ahesabu.